Crusader Kings III baada ya miezi minne hapa Amu (Lamu): ndugu wanauana vizuri, mgeni ndo haeleweki

Nianze na lile swali naloulizwa na vijana hapa Mkomani kila wakiniona na leptopu barazani: hapana, hii si gemu ya risasi wala ya mpira. Ni gemu ya ramani na watu na nusu ya muda unasoma, kama kusoma kunakuchosha wachana nayo mapema usije ukanilaumu. Crusader Kings III ni ya Paradox wa Sweden, ilitoka Septemba 2020, bei yake ya kawaida ni dola 50 kasoro senti moja yaani kwa hela yetu elfu sita na ushei, mi nilingoja punguzo nikalipa kwa kadi ya binamu yangu, halafu kuidaunlodi kukanila usiku mbili manake mchana mtandao umejaa watu na usiku ndo unapumua.

Leptopu yangu ni mtumba, nilinunua kwenye duka moja Mombasa sitalitaja, betri ilikuwa imekufa kabla sijafika Mokowe. Kwa hiyo stima ikikatika inazima papo hapo, na gemu inajisevu yenyewe lakini si kila dakika, nshapoteza vita vizima hivyo na kuna siku nilipoteza harusi ambayo iliniuma kuliko vita. Kwa wenye mashine ya RAM 8 kama mimi, inacheza, ila ukishazama karne ya 12 watu wanakuwa wengi mno duniani na mwezi mmoja wa gemu unakwenda kama punda aliyepakiwa matumbawe. Haya, ya mashine yaishie hapo.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba hapa huchezi nchi, unacheza mtu. Unachagua mtawala, mwaka 867 au 1066 (kuna nyongeza ya kulipia imeleta na 1178), unaweza kwenda mpaka 1453, na ukifa unaendelea na mrithi wako. Sasa hapo kwenye "ukifa" ndo utamu wote ulipo. Gemu nyingi za vita nilizocheza adui ni yule wa rangi nyingine upande wa pili wa ramani, unajenga kambi, unajenga askari, unamfuata, basi. Hapa yule wa upande wa pili mara nyingi ana shida zake nyumbani wala hana habari na wewe, anayekuua ni ndugu yako, liwali wako, shemeji yako, au yule mtoto wa kaka uliyemlea. Kikulacho ki nguoni mwako, na hawa jamaa wa Sweden wameichukua hiyo wakaifanya hesabu.

Na hesabu yenyewe iko wazi, hilo nawapa hongera. Kila mtu ana namba ya vile anavyokuona, kuanzia hasi 100 mpaka 100, na ukiibonyeza inakuonyesha kwa nini: ulimnyima cheo, dini tofauti, ulimfunga mjomba wake, wewe mchoyo na yeye mkarimu. Maliwali wako (mi nawaita maliwali, wale walioshika miji chini yako) wakikuchukia vya kutosha wanaanza kujiunga na kambi. Kuna kambi inayotaka kujitenga, kuna inayotaka upunguze mamlaka ya kiti, kuna inayotaka kukutoa imweke mtu wao mwenye madai ya kiti, na hata raia wa kawaida wana yao. Unaona nguvu ya kambi ikilinganishwa na yako kwa asilimia, wakishapata nguvu ya kutosha kuna kipimo cha hasira kinapanda mwezi kwa mwezi na kikijaa wanakuletea barua, ama ukubali au mpigane. Wallahi kukikalia kile kipimo kinapanda taratibu na huku huna pesa ni adhabu, ni kama kutazama maji yanavyojaa na chombo chako hakijafungwa.

Dawa zipo. Unaweza kumpa mkuu wa kambi zawadi, unaweza kumwoza binti yako kwa mwanawe mkawa na mapatano na hapo hawezi tena kukaa kwenye kambi ya kukupinga, unaweza kumtafutia siri yake mbaya ukaishika mkononi, au unaweza kutisha watu. Kutisha kuna namba yake pia, ukikata vichwa vya mateka inapanda na maliwali waoga wananywea kimya. Mi nilipenda sana hii ya kutisha. Mpaka ikaniponza.

Nilianza 1066 na Sevilla, Andalusi, yaani Uhispania ya Waislamu, kwa sababu nilitaka Waislamu wa miji, wafanyabiashara, washairi, watu wa mabustani, nikasema hawa watanikumbusha nyumbani. Mtawala ni al-Mu'tadid wa ukoo wa Abbad, na huyu hata bila gemu alikuwa mtu wa kuogopwa, inasimuliwa alikuwa na bustani aliyoipamba kwa mafuvu ya maadui zake, na mwanawe mmoja Ismail alipomwasi alimuua mwenyewe. Nikamcheza hivyo hivyo. Nikakata, nikafunga, nikanyang'anya, kambi zikafutika moja baada ya nyingine, nikaona mi fundi. Akafa 1074. Mwanawe akakalia kiti na ile hofu yote ya baba haikuja naye, imezikwa na mwenyewe, juu yake unapewa hasara ya kuwa mtawala mpya ambaye watu hawajamzoea. Miezi sita hivi nina kambi tatu. Na mbaya zaidi ni urithi, manake sheria unayoanza nayo inagawa ardhi kwa wana wote, kwa hiyo wadogo zangu wawili wameshapata miji yao, wana askari wao, na madai juu ya kiti changu. Nilipigana na ndugu zangu miaka minne, nikamfunga mmoja, mwingine nikamsamehe. Yule niliyemsamehe ndo alokuja kuniua kwa sumu mwaka 1081.

Sasa hebu tazama majirani zangu wa kaskazini katika hiyo hiyo 1066. Mfalme Ferdinand wa León na Castilla amekufa mwaka uliopita, kawagawia wanawe watatu: Sancho Castilla, Alfonso León, García Galicia. Hii ni historia kabisa, na kilichotokea kweli ni kwamba wawili walimtoa García, halafu Sancho akamtoa Alfonso, halafu Sancho akauliwa nje ya Zamora 1072, Alfonso akarudi akachukua vyote, García akafungwa mpaka kufa kwake 1090. Kwenye gemu kila mara niliyoanza upya wale ndugu watatu wamelana, mara ameshinda Sancho, mara García (!), mara moja wote wamechoka na Aragón ndo ikafaidi, vita vya panzi furaha ya kunguru. Hakuna mahali gemu imeandika kwamba lazima wapigane. Imewapa tu baba mmoja, urithi wa mafungu na tamaa, ikakaa pembeni. Kwangu mimi huo ndo ufundi wenyewe, historia haikukaririshwa, imewekewa sababu zake tu halafu unaiona inajitokeza yenyewe kwa sura nyingine.

Vita vyenyewe? Vya kawaida. Unaita askari wa ardhi, una vikosi vyako vya kulipa, unatembea, unazingira ngome, alama zinapanda mpaka 100 unaamrisha. Ukimkamata mtawala wa adui mwenyewe vita vimeisha hapo hapo, hiyo raha. Baharini hakuna kitu, askari wanapanda mashua zisizoonekana zilikotoka ukilipa, kwa mtu wa Amu inachekesha. Na huwezi kuanza vita bila sababu, mara nyingi ni madai, ya urithi au ya kutengenezewa, na anayekutengenezea ni imamu wako wa barazani! Anakwenda mji wa jirani anakutafutia hati za kale ambazo hazikuwepo juzi. Nilicheka peke yangu saa saba ya usiku. Sisemi zaidi, huku kwetu watu wana kesi za mashamba.

Haya, sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Usiku mmoja ami yangu, ambaye hulala kidogo kama wazee wote, akaja na kikombe chake cha kahawa akakaa nyuma yangu. "Wafanyani na mashini hiyo usiku kucha?" Nikamweleza: huyu ni mimi, wale ni ndugu zangu, yule kule juu ni Alfonso ameshakuwa mkubwa ananidai kodi kila mwaka, sina nguvu, kwa hiyo nimemwoza dada yangu kwa sultani wa Maghreb ng'ambo ya bahari, tukawa na mapatano, nikamwita vitani akaja na watu elfu nane, tukampiga Alfonso, na huyo sasa anarudi kwake. Ami akatazama wale askari wanapanda mashua. Akauliza, "Na huyo wa ng'ambo alilipwani?" Nikamwambia hakulipwa kitu ami, anapata sifa tu, ni shemeji. Akanywa kahawa yake. "Urongo huo."

Na kweli ni urongo, tena urongo ambao Andalusi ndo mahali pabaya kabisa pa kuusema. Alfonso alipochukua Toledo 1085, yule mtoto wa al-Mu'tadid, al-Mu'tamid, mshairi, akamwita Yusuf bin Tashfin, mtawala wa dola ya Murabitun, kutoka Maghreb. Inasimuliwa walimwonya akasema bora achunge ngamia wa Yusuf kuliko nguruwe wa Alfonso. Yusuf akavuka, akampiga Alfonso pale Zallaqa 1086, akarudi. Halafu akaja tena. 1091 Sevilla ikawa yake na al-Mu'tamid akapelekwa Aghmat karibu na Marrakesh akafia huko 1095, mfungwa, bado anatunga mashairi. Aliyeitwa kuja kusaidia ndiye aliyebeba nyumba. Gemu ina mtu huyo, ina mji huo, ina hata nyongeza nzima ya Iberia (Uhispania na Ureno) iliyotoka 2022 yenye mvutano wa awamu awamu, mara uhasama, mara maelewano, na ni nzuri sana nitaisema hapo chini, lakini mapatano ya kawaida yamebaki vile vile: shemeji anakuja, anakufa watu elfu tatu kwa ajili yako, anakwenda zake, asante.

Mtu wa pwani hii hawezi kulikubali hilo. Sisi hapa tuna ya kwetu, kila mtoto wa Amu ameisikia. Mji ulikuwa na mikao miwili, yaani kambi mbili, Zena na Suudi, wakipokezana utawala na kuchukiana kwa adabu. Mwaka 1812 hivi wakaja Mazrui wa Mombasa pamoja na watu wa Pate, wakateremka Shela hapa hapa kisiwani, kabla majahazi hayajafika zilishafika tungo, Muyaka wa Mombasa anatuma zake, Bwana Zahidi Mngumi wa Amu anajibu. Amu ikashinda, wale walipokimbilia vyombo vyao maji yalikuwa yameshatoka, vyombo viko juu ya mchanga. Ushindi gani tena unataka? Lakini hofu ya kwamba watarudi ilikuwa kubwa kuliko furaha, wazee wakapeleka ujumbe kwa Sayyid Said wa Oman waombe ulinzi. Akawapa. Akaleta liwali, akaleta askari, ngome tunayokaa kivulini mwake pale Mkunguni ikakamilika 1821 hivi, na baada ya hapo mambo ya Zena na Suudi yakawa ya kuhadithia tu manake mkubwa alikuwa mwingine.

Malindi wao walitangulia kwa miaka mia tatu. Waligombana na Mombasa, kwa hiyo Vasco da Gama alipofika 1498 akakuta Mombasa wamemnunia na Malindi wamemfungulia mlango wakampa na rubani wa kumvusha mpaka Uhindi. Hesabu nzuri kabisa ya kwenye gemu, adui wa adui yangu. Kisha Wareno wakaendelea kupigana na Mombasa karibu karne nzima, 1593 wakaanza Fort Jesus, wakamhamisha mfalme wa Malindi wakamkalisha Mombasa, yaani Malindi ilishinda ule ugomvi. Na ikabaki tupu.

Kwa hiyo nikiwa nimepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye gemu hii nisingegusa ndugu, wako sawa. Ningegusa mgeni. Kila ukimwita mkubwa kuliko wewe awe na kipimo chake kinachopanda, kama kile cha kambi, na siku moja asirudi mashuani. Kuna mtu ataniambia ipo njia ya kuwa chini ya mtu kwa hiari, unaomba kuwa liwali wake. Ndiyo ipo, lakini hapo unajua unachokifanya na umebonyeza mwenyewe. Wazee wa Amu hawakubonyeza.

La pili dogo zaidi: kambi za gemu ni za mabwana wenye ardhi. Kambi za mji hazimo. Kule Firenze, Italia, 1216, kijana Buondelmonte alichumbia binti wa ukoo mmoja akamwacha akaoa wa ukoo mwingine, wakamuua pale daraja la zamani siku ya Pasaka, na wenyeji walisema hapo ndo mji ulipogawanyika Guelfi na Ghibellini, mtaa kwa mtaa, mnara kwa mnara. Mtu wa Langoni, mtaa wa pili hapa Amu, ukimsimulia hiyo haulizi Firenze iko wapi, anauliza binti alikuwa wa nani. Sasa kwenye toleo ninalochezea mimi miji ya biashara kama Venezia na Genova ipo kwenye ramani lakini huwezi kuwacheza wakubwa wake, na ndani ya mji hakuna Mkomani na Langoni, mji ni kitu kimoja. Maadui wanaosali msikiti mmoja na kukutana sokoni kila asubuhi, hao gemu haiwajui. Kuna uhasama wa koo, uliingia na nyongeza moja ya 2022, unasaidia kiasi, lakini bado ni mabwana wako mbali mbali kila mtu na ngome yake.

Ile nyongeza ya Iberia nilisema nitaisema. Inunue hiyo kabla ya nyingine zote kama utacheza Waislamu. Badala ya vita vya dini moja kwa moja unakuwa na mvutano wa eneo zima, na kila anachofanya kila mtu, kuoana, kuuana, kufunga mateka, kinasukuma eneo upande mmoja au mwingine, na awamu ikibadilika sheria zinabadilika, kipindi cha maelewano kuna vita ambavyo huwezi tena kuvianzisha hata uwe na nguvu vipi. Hapo ndo nilielewa kwa nini Muislamu wa Zaragoza alikuwa akilipa Mkristo wa Castilla amlinde na Mkristo wa Aragón. Nyongeza nyingine ni nyingi na zikijumlishwa zinazidi bei ya gemu yenyewe mara kadhaa, mi nina hiyo moja na sina haraka.

Halafu ramani. Pwani yetu haimo. Unashuka Uhabeshi, unashuka Wasomali, halafu kijivu. Kilwa ambayo Ibn Battuta aliifikia 1331 akamkuta Sultani Hassan bin Sulaiman, haimo. Pate, Amu, Malindi, hamna. Mwaka 2025 wakaongeza Uchina na Japani kwa nyongeza kubwa, nikasema sasa, manake Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga 1415, si uongo, twiga alifika. Wapi. Uchina wameingia, twiga hana alikotoka.

Ninunue au nisinunue? Kama una mashine ya wastani, unasoma Kiingereza bila kuchoka, na ukiwa mdogo ulikuwa unakaa karibu na wazee wakisimulia nani alimnyima nani binti, nunua kwenye punguzo, nyota nne. Kama unataka vita vizuri vya kutazama, nyota mbili, katafute nyingine.

Mi nimefika 1123. Sultani ni mjukuu wa yule aliyepewa sumu, ana miaka tisa, kambi mbili, na ami yake ndo mlezi wa kiti na ndo mkuu wa kambi kubwa. Alfonso mwingine anakuja kutoka kaskazini. Maghreb nimeshawatumia barua. Ami wangu wa kweli amekuja na kahawa, amekaa, anangoja kuona.